Sakafu Ikauke Kabla ya Kubandika Vigae

Vigae vya plastiki ni laini na husafishika upesi. Ndiyo maana vijiji vingine hupenda kuvibandika katika zahanati wanazojenga. Lakini sakafu ya saruji isipotayarishwa, vigae hivyo huficha uchafu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliyaona haya katika chumba cha kuzalishia. Saruji ilimwagwa, na wiki ya pili vigae vikabandikwa. Baada ya miezi michache pembe zake zikaanza kuinuka. Mama akijifungua, damu na maji vilipita chini. Tulipiga deki kila siku, lakini harufu haikuondoka. Mwishowe tulivibandua. Chini tulikuta uozo na mende. Juu palikuwa panang'aa!

Kwa nini viliinuka? Saruji hukauka juu kwanza. Ndani bado ina maji, nayo hupanda polepole. Yakikuta plastiki hayana pa kutokea, basi huharibu gundi. Saruji mpya hulowanishwa siku 7 ili iwe ngumu. Kisha iacheni ikauke mwezi 1 au zaidi. Sakafu nene hutaka muda mrefu zaidi.

Msiamini macho. Pimeni hivi. Chukueni kipande cha nailoni kisichotoboka, nusu meta kila upande. Kibandikeni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote 4, hewa isipite. Kiacheni usiku na mchana. Mkifunua mkakuta matone, au saruji imekuwa nyeusi, sakafu bado ni mbichi. Ngojeni, mpime tena. Pimeni mahali patatu, hasa karibu na ukuta wa nje. Ikiwa miezi inapita na matone hayaishi, huenda maji yanatoka ardhini. Hapo acheni vigae. Pigeni niru tu. Sakafu laini ya niru nayo huoshwa vizuri, tena kwa gharama ndogo.

Ikiwa imekauka, tazameni nyufa. Lowanisheni kwanza, ndipo mzipanue kwa tindo, kwa sababu vumbi la saruji huumiza mapafu. Jazeni saruji kipimo 1 na mchanga vipimo 3. Viraka navyo vikauke. Kwangueni rangi na mafuta, maana gundi haishiki juu yake. Lazeni ubao ulionyooka sakafuni. Mwanga ukipita chini ya ubao, pana shimo. Lisawazisheni. Mwisho fagieni mpaka kiganja kisishike vumbi.

Siku ya gundi fungueni madirisha yote. Moto na sigara vikae mbali, kwani gundi nyingine hushika moto upesi.

Na kama mnabandua vigae vya zamani sana, msivisage wala kuvisugua vikavu. Vingine vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Ulizeni kwanza kwa bwana afya.