Kambi za Hesabu kwa Watoto wa Kanda ya Ziwa: Mwalimu Kwanza au Daktari Kwanza?

Neno kambi si geni katika shule za msingi nchini Tanzania. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani hukusanywa katika kambi za kitaaluma ili wajiandae kwa mitihani ya taifa. Kambi ya hesabu na mantiki ni jambo jingine. Humo hakuna mtihani unaosubiriwa: watoto hucheza na namba, hufumbua mafumbo na kueleza kwa sauti jinsi walivyopata jibu. Kwa familia za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kambi ya namna hii huibua swali linalowahusu pia wahudumu wa afya. Je, mtoto anayeshindwa hesabu anahitaji mwalimu, au anahitaji daktari? Makala haya yanaeleza kwa nini huenda akawahitaji wote wawili.

Kambi hufanyaje kazi?

Nguzo ya kambi nzuri ni kumpanga mtoto kwa kiwango cha uelewa wake, si kwa darasa analosoma. Mtoto wa darasa la tano asiyejua kutoa kwa kukopa hukaa na wenzake wa kiwango hicho bila kuaibishwa, akaanzia pale alipokwama. Shirika la Pratham la India limeendesha kambi za aina hii kwa miaka mingi. Katika jimbo la Uttar Pradesh, mwaka 2013 na 2014, watoto wa darasa la tatu hadi la tano walifundishwa kusoma na hesabu za msingi kwa awamu za siku 10 au 20, na walipopimwa walionekana kupiga hatua kubwa kuliko wenzao ambao hawakushiriki.

Vifaa vyake si vya gharama: vizibo vya soda, vijiti na kokoto hutosha. Mantiki hufundishwa kwa mafumbo, kama lile la mtu anayetaka kuvusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu kwa safari. Mtoto hulitatua pale anapogundua kwamba kitu kilichokwisha kuvushwa kinaweza kurudishwa. Michezo ya asili nayo ni hazina. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na Wasukuma wana mchezo wao wa jamii hiyo uitwao isolo. Mchezaji hulazimika kuhesabu kete kabla ya kuzigusa na kutabiri jibu la mpinzani.

Kinachotokea katika ubongo

Tuchukue hesabu ya sokoni. Mama amenunua sado 3 za dagaa kwa shilingi 4,000 kila moja, akatoa noti mbili za shilingi 10,000. Atarudishiwa kiasi gani? Mtoto hana budi kuzidisha, kuishikilia 12,000 akilini, kuikumbuka 20,000, kisha kutoa ndipo apate 8,000. Uwezo huo wa kushikilia jambo akilini huku ukifanyia kazi jingine ni kumbukumbu ya muda mfupi. Mtoto mwenye homa, njaa au upungufu wa damu huipoteza 12,000 kabla hajafika mwisho, ingawa kuzidisha anakujua. Anayemtazama kwa haraka humwita mzito wa akili, na jina hilo likishamganda ni vigumu kulibandua.

Kidonge hufanya nini, na hakifanyi nini?

Katika mwambao wa ziwa, kichocho cha tumbo kinachosababishwa na Schistosoma mansoni ni miongoni mwa maradhi yanayowaandama watoto wa shule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwakuta watoto wa shule wa Tanzania wenye maambukizi makali ya kichocho wakiwa na kumbukumbu dhaifu ya muda mfupi na mwitikio wa polepole kuliko wenzao.

Je, dawa pekee hutosha? Jibu lenye tahadhari linatoka Busia, nchini Kenya, eneo linalopakana na ziwa hilihili. Kuanzia mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 75 zilizopewa dawa za minyoo na kichocho kwa awamu. Katika taarifa yao ya mwaka 2004 walikadiria kwamba utoro ulipungua kwa robo, lakini hawakuona alama za mitihani zikipanda. Mwaka 2019 Kremer alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao walishiriki kuzipima kambi za Pratham. Matokeo ya pande hizo mbili yakisomwa pamoja yana funzo moja: kidonge humrudisha mtoto darasani, ila hakimfundishi kutoa kwa kukopa. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na mwalimu hawezi kuifanya mtoto asipokuwepo.

Kambi kama mahali pa kugundua maradhi

Katika kundi dogo la kambi, mwalimu huona yale yasiyoonekana katika darasa lililojaa. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao apimwe macho; asiyeona mstari wa 6/12 kwa umbali wa mita 6 apelekwe kliniki ya macho. Anayeomba swali lirudiwe kila mara, au anayetoka usaha sikioni kwa zaidi ya wiki mbili, apimwe masikio. Anayechoka upesi na mwenye viganja vilivyopauka apimwe wingi wa damu. Kwa umri wa miaka 5 hadi 11, chini ya gramu 11.5 kwa desilita ni upungufu.

Selimundu inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huu. Mishipa ya damu ya ubongo inaweza kuziba bila dalili ya wazi, na ishara pekee ikawa mtoto aliyekuwa akifanya vizuri kuanza kurudi nyuma masomoni. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, watoto wenye selimundu wamekuwa wakipimwa kasi ya damu katika mishipa ya ubongo kwa mawimbi ya sauti, na dawa ya hydroxyurea hupunguza hatari ya kiharusi kwa wale walio hatarini. Mtoto akilegea ghafla upande mmoja, mdomo ukienda upande au akishindwa kusema, apelekwe hospitali mara moja.

Ushauri kwa wahudumu wa afya na wazazi

1. Dawa ya kichocho ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Albendazole, inayojulikana na wengi kama dawa ya minyoo, haitibu kichocho.

2. Praziquantel itolewe baada ya mtoto kula, na yapata wiki moja kabla ya kambi, maana huweza kuleta kizunguzungu na maumivu ya tumbo siku ya kumeza.

3. Dawa haizuii maambukizi mapya. Ratiba ya kambi isiwe na kuogelea ziwani. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali. Pia ziwa huzamisha.

4. Asubuhi watoto wapewe uji kabla ya somo la kwanza. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, na choo kiwepo.

5. Mtoto mwenye selimundu asizuiwe kushiriki. Anywe maji mara kwa mara, akingwe na baridi, alale katika chandarua, na akipata homa aonwe na mganga siku hiyohiyo.

6. Mtoto aliyepimwa akaonekana mzima, akafundishwa kwa kiwango chake, na bado namba zikamsumbua mno, apelekwe kwa wataalamu wa maendeleo ya mtoto. Ipo hali ya ubongo iitwayo diskalkulia, ambayo huhitaji mbinu maalumu za kufundisha. Viboko havimsaidii.

Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe hawezi hesabu ana haki ya kuuliza maswali mawili: amepimwa nini, na amefundishwa kuanzia wapi? Hadi yote mawili yajibiwe, haijawa wakati wa kusema kwamba mtoto huyo hawezi.