Boila ikipoteza presha, geji ndiyo hufichua kiini cha tatizo

MIONGONI mwa mambo mageni yanayomkabili Mkenya anayehamia Uingereza, awe mwanafunzi au muuguzi aliyeajiriwa chini ya makubaliano yaliyotiwa saini na nchi hizo mbili mnamo 2021, ni boila ya gesi iliyotundikwa ukutani. Mtambo huo ukizimika katikati ya majira ya baridi, nyumba hukosa joto na maji moto kwa wakati mmoja. Mara nyingi chanzo huwa presha ya maji.

Boila ya aina hii, ijulikanayo kama kombi, hufanya kazi mbili. Kwanza, hupasha moto maji ya mfereji papo hapo, bila kuyahifadhi tangini. Pili, hupasha maji yanayozunguka kwenye mabomba na rejeta za ukutani ili kutia joto vyumbani. Maji ya rejeta ni yale yale kila siku, kwani mzunguko wake umefungwa. Presha inayozungumziwa hapa ni ya mzunguko huo, wala si ya mfereji.

Presha hiyo husomwa kwenye geji ya boila kwa kipimo kiitwacho bari. Mtambo ukiwa baridi, geji hutarajiwa kuonyesha kati ya 1 na 1.5. Ukipata moto, huweza kukaribia 2. Presha ikishuka mno, boila nyingi hujizima. Ikifika 3, vali ya usalama hufunguka na kumwaga maji nje kupitia bomba dogo linalotokeza ukutani.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ya uchunguzi haihitaji bisibisi. Yatosha kuandika geji inasoma ngapi mtambo ukiwa baridi na ukiwa moto, kwa siku kadhaa mfululizo.

Iwapo presha inashuka polepole, mtambo uwe moto au baridi, yamkini maji yanavuja. Vali za rejeta, zulia lenye unyevu na madoa ya maji darini ni mahali pa kuanzia. Pasipoonekana kitu, fundi anaweza kufunga vali zinazoitenga boila na rejeta usiku kucha. Geji ikisalia palepale, mvujo uko kwenye mabomba au rejeta. Ikishuka, hitilafu imo ndani ya boila.

Hali ya pili ni presha kuwa sawa mtambo ukiwa baridi, kupanda hadi karibu 3 ukiwa moto, kisha kuanguka ukipoa. Maji yakitoka nyuzijoto 10 hadi 80 hutanuka kwa takriban asilimia 3, hivyo lita 100 hudai nafasi ya lita 3 zaidi. Nafasi hiyo hupatikana katika mtungi wenye utando wa mpira, maji upande mmoja na hewa upande wa pili. Hewa ikipungua au utando ukipasuka, maji hukosa pa kutanukia na kumwagwa nje. Wakati mwingine mtungi huhitaji kujazwa hewa tu, na si boila mpya.

Hali ya tatu ni presha kupanda hata boila ikiwa imezimwa. Aghalabu vali ya mpira wa kujazia maji haikufungwa barabara. La sivyo, bamba linalopasha maji ya mfereji limetoboka, na maji hayo yanapenya kwenye mzunguko wa rejeta.

Mwenye nyumba anaweza kuongeza maji mwenyewe kwa kufuata kijitabu cha boila: mtambo uwe umepoa, vali zifunguliwe taratibu, kisha zifungwe kikamilifu. Kufanya hivyo baada ya kutoa hewa kwenye rejeta ni jambo la kawaida. Hata hivyo, kuongeza kila wiki ni kuficha ugonjwa. Maji mapya huja na oksijeni, ambayo hutia kutu ndani ya rejeta na kuzalisha tope jeusi linaloziba mabomba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aidha, kuna mpaka usiofaa kuvukwa. Kazi ya gesi nchini Uingereza ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, sajili iliyochukua nafasi ya CORGI mnamo Aprili 1, 2009. Boila iliyochokorwa ovyo inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu na inayoua.

Kwa mpangaji wa kawaida wa England, sheria ya 1985 humtwika mwenye nyumba jukumu la kukarabati mitambo ya joto na maji moto. Malalamishi yaliyoandikwa, yakiambatana na tarehe na vipimo vya geji, humrahisishia fundi kazi na kumnyima mwenye nyumba kisingizio cha kuchelewa.