Miliampia Chache, Pampu Nzima

Mkulima wa nyanya kule Kiritiri, Mbeere, huamka na swali moja: maji leo, au tungoje kesho? Akikosea upande mmoja, mafuta ya pampu yameteketea bure. Akikosea upande wa pili, maua yamepukutika. Siku hizi swali hilo laweza kujibiwa na bodi ya kompyuta inayoenea kiganjani, iliyobuniwa kuwafundisha watoto kuandika programu. Ila kujua kwamba udongo umekauka ni jambo moja, kuwasha pampu ni jingine, na hapo katikati ndipo wanaoanza huunguza vifaa.

Tuchukue micro:bit. Mwaka 2016, BBC na washirika wake waligawa takriban milioni moja bure kwa wanafunzi wa Uingereza wa miaka 11 na 12. Ina taa ndogo 25, vitufe viwili, kipima joto na dira. Ukingo wake wa chini una pini 25. Tano zina matundu, na vibanio vya waya huzishika bila taabu. 20 zilizobaki ni nyembamba mno, hata waya ukiteleza kidogo unagusa mbili kwa mpigo.

Hapo ndipo inapoingia bodi ya pili, bodi ya upanuzi, na kazi yake ya kwanza ni kumaliza usumbufu huo. Ina mwanya wa kuchomeka ukingo ule, kisha inazitoa pini nje kwa safu zenye namba. Mara nyingi kila pini huwa na chanya na hasi yake kando, kwa hiyo kipima unyevu kinachomekwa bila lehemu, na mtoto wa gredi ya 7 anaweza kufuata kila waya kwa kidole.

Kazi ya pili ni nzito zaidi: kuwasha kifaa kinachotaka umeme mwingi kuliko micro:bit inavyoweza kutoa. Micro:bit hufanya kazi kwa takriban volti 3, na toleo lake la pili, la mwaka 2020, hugawia vifaa vyote vya nje kama miliampia 190 tu. Pampu ya volti 12 yenye nguvu ya wati 60 inataka ampia 5, yaani miliampia 5,000. Ukiiunga moja kwa moja kwenye pini, pampu haitageuka hata kidogo, na bodi huenda isiwake tena.

Wanaotumia maji ya mteremko kutoka msitu wa Mlima Kenya, kama ilivyo sehemu nyingi za Imenti, wanalielewa jambo hili tayari. Anayefungua valvu ya mradi hasukumi maji; mkono wake unageuza gurudumu tu, na mlima ndio unaosukuma. Bodi ndogo nayo ipewe kazi ya kufungua, na betri ifanye kazi ya kusukuma.

Valvu ya kufungulia umeme huitwa rilei, nayo ilianzia kwenye ugunduzi wa mwaka 1820. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu. Kumbe umeme huzaa usumaku! Ukiuzungusha waya huo mara nyingi kwenye chuma, unapata sumaku inayowaka na kuzimika upendavyo. Hiyo ndiyo roho ya rilei: waya uliozungushwa, yaani koili, unavuta kipande cha chuma, chuma kinakutanisha ncha mbili, na mkondo mkubwa wa pampu unapita kwenye njia yake, mbali na bodi.

Hata hivyo, koili ya rilei ndogo ya volti 5 hula kama miliampia 70, nayo pini haiwezi kuzitoa. Ndiyo maana bodi ya upanuzi yenye rilei huwa pia na transista, kifaa kilichozaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1947. Pini inaiamuru transista kwa miliampia chache, transista inaiamuru koili, koili inaiamuru pampu. Kando ya koili kuna diodi, kwa sababu sumaku inapozimika ghafla hurudisha mshtuko wa umeme ambao ungeiua transista. Kabla ya kununua, mwulize muuzaji kama bodi yake inaitikia amri ya volti 3, maana nyingine hungoja 5. Mwanafunzi abaki na betri ya volti 12; stima ya nyumbani ya volti 240 aachiwe fundi mwenye leseni.

Limebaki la udongo. Kipima unyevu cha bei nafuu kina meno mawili yanayopitisha umeme ardhini. Kikiachwa kimewaka mchana kutwa, meno huliwa yakaisha. Programu ikiwashe kwa nukta chache tu, isome, ikizime. Micro:bit itakupa namba kati ya 0 na 1,023, na namba hiyo peke yake haina maana. Udongo mwekundu wa Manyatta au Nkubu hushika maji. Mchanga wa Mbeere huyaachia upesi. Kwa hiyo jaza kopo moja udongo mkavu wa shamba lako, la pili udongo ulioloa sawasawa, upime yote mawili, kisha uchague mpaka wako katikati. Programu unaweza kuinakili kwa jirani, lakini namba ya kuwashia pampu ipime mwenyewe.