Joto la Mama Usiku wa Julai

Julai baridi ya Mbooni huuma hadi mifupani. Mbona basi mama mwingine hutupa blanketi usiku, jasho likimtiririka? Wengine husema ni malaria, wengine eti amerogwa. Hasha! Kati ya miaka 45 na 55, ovari hupunguza estrojeni, homoni ya kike. Dalili ni hizi: hedhi kuvurugika kisha kukoma, joto la ghafla kifuani na usoni linalopita baada ya dakika chache, usingizi kupotea na ukavu ukeni. Baadaye mifupa hudhoofika. Hedhi ikikatika kabla ya miaka 40, au msichana asiye mjamzito akiikosa miezi 3, amwone daktari. Tusiwacheke mama zetu. Mficha maradhi, kilio humfichua.