Kiatu Kikiachama, Usikimbilie Dukani

Hapa Dar kiatu hakijui kuficha siri. Shati litapigwa pasi lipendeze, tai utaazima kwa rafiki, lakini miguuni ukweli unabaki palepale. Subiri masika yashike, barabara zigeuke mito, uwaone wasomi wa watu pale Posta wakitembea kwa kuvizia, soli imeachama na inapiga makofi kila hatua!

Mwaka huu zamu ilikuwa ya mume wangu. Ana jozi moja ya viatu vya ngozi, vya kahawia, alivyonunua kwa mshahara wake wa kwanza. Ndivyo alivyovaa siku alipokuja nyumbani kwetu kujitambulisha. Mvua ikaving'oa soli ya kulia hadi katikati, na ubavuni ngozi ikachanika pale kiatu kinapojikunja. Akavipeleka kwa fundi mmoja wa njiani, naye akavimwagia ile gundi ya haraka inayokauka ikawa ngumu kama kioo. Siku ya tatu soli ikaachia tena, safari hii ikiondoka na kipande cha ngozi.

"Basi, navitupa," akasema, akaviweka karibu na ndoo ya taka. Lakini hakuvitumbukiza ndani, na mimi namjua mume wangu. Isitoshe, bei ya jozi mpya ya ngozi ilikuwa sawasawa na malipo yetu ya kiwanja ya mwezi ule. Nikasema hapana, fundi wa kweli yupo, nitamtafuta.

Uliza wenye viatu vya zamani
Si unajua tena, kila kona ya mji ina mtu mwenye brashi na gundi. Mimi niliwauliza watu ambao kazi yao inawalazimisha kupendeza miguuni: mwanasheria, mhudumu wa hoteli, askari mstaafu. Ukimwona mtu ana kiatu cha miaka mingi na bado kinang'aa, muulize bila aibu anakipeleka wapi. Watu wawili wasiofahamiana wakanielekeza kwa mzee yuleyule, kwenye uchochoro mmoja Kariakoo.

Nilipofika sikutoa viatu haraka. Nilisimama pembeni nikatazama kazi zilizokwisha: mshono umenyooka? Gundi imechuruzika pembeni? Ana kile chuma chenye umbo la mguu cha kugongea? Halafu nikamkabidhi. Akakikunja kiatu, akakwaruza ile gundi kwa kucha, akaniuliza, "Dada, mwenye viatu anatembea sana, au anaendesha gari?"

Nikajua nimefika.

Alinieleza kwa nini kazi ya kwanza ilishindikana. Kiatu hujikunja kila hatua, lakini gundi ile haijikunji, inakatika. Yeye hukwangua gundi yote ya zamani, husugua soli na ngozi kwa msasa ili zikwaruzike kidogo, hupaka gundi ya viatu pande zote mbili, kisha husubiri mpaka ukigusa hainati kidoleni. Hapo ndipo hubana na kugonga, halafu hushona kuzunguka soli. Palipochanika hutia kiraka cha ngozi nyembamba kwa ndani.

"Kovu litaonekana," akaniambia. "Nikikudanganya kwamba halitaonekana, kesho tutagombana."

Alitaka Sh 25,000 na siku nne. Mpenzi msomaji, mwogope fundi anayekuambia usubiri dakika kumi kwa kazi ya siku nzima! Siku ya nne nilivikuta tayari. Kovu lipo, lakini soli haijaachia mpaka leo, na mwenye viatu anakwenda navyo kazini.

Si kila kiatu hupona
Kabla hujalipa, hakikisha ni ngozi. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi, ya bandia ina kitambaa kilichopakwa plastiki. Ya bandia ikishaanza kubanduka, hakuna kiwi itakayoiokoa.

Kuna pia zile soli nyepesi za poliyurethani. Umewahi kuweka kiatu kwenye boksi mwaka mzima, ukakitoa siku ya harusi, soli ikamomonyoka kama biskuti? Hujarogwa. Unyevu wa hewa huivunjavunja soli hiyo taratibu, hata kama hukikivaa, na joto letu la pwani linaharakisha kazi. Gundi haisaidii hapo. Mwambie fundi abadilishe soli nzima, na viatu vya namna hiyo vivae, usivihifadhi kama dhahabu.

Kikilowa, kijaze magazeti na ukiache kivulini penye upepo. Ukikianika juani au karibu na jiko, ngozi hukakamaa na kupasuka. Usivae jozi moja kila siku kama unazo mbili. Ipe siku ya kupumzika jasho likauke.

Tuwaheshimu mafundi
Nchi yetu ni miongoni mwa zenye ng'ombe wengi Afrika, na ufundi wa ngozi ni somo la chuo: kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, inaufundisha. Lakini sisi wa maofisini tunambishia fundi wa uchochoroni buku mbili, kisha tunakwenda kunywa kahawa ya bei hiyo mara tatu. Jamani!

Ukimpata fundi mzuri, mlipe bila kumkaba, na namba yake iweke kwenye simu yako na ya mwenzi wako, pamoja na ya fundi umeme na ya bodaboda mnayemwamini. Nyumba yenye namba hizo tatu haihangaiki sana masika yakiingia.