Spika Tano na Sofa Iliyoegemea Ukuta

Ingia duka lolote la redio Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, useme unatafuta hom thieta. Muuzaji atakuuliza mambo mawili: una bajeti gani, na unataka ya spika ngapi. Ni nadra sana kuulizwa sebule ina urefu gani au sofa imekaa wapi. Haulizi kwa sababu jibu lako halitabadilisha kilichomo kwenye boksi. Biashara hii inauza vitu viwili vinavyohesabika kirahisi, wati na idadi ya spika. Kinachofanya mvua ya kwenye filamu isikike nyuma ya kisogo chako ni kazi ya saa mbili tatu za kupima, kutoboa ukuta na kupitisha waya. Kazi hiyo haina mwenyewe: muuzaji halipwi kwa ajili yake, kwa hiyo haifanyi.

Wati ndizo zinazopotosha zaidi. Si ajabu kukuta boksi la sabufa limeandikwa wati 12,000 PMPO. Soketi ya ukutani, ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230, haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,000 hivi. Sasa hizo 9,000 nyingine zinatoka wapi? Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma, na mara nyingi utaona inakula umeme usiofika hata wati 100. PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, hivyo kila kiwanda hujiandikia. Cha kuulizia ni wati za RMS, yaani zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila kukoroma. Marekani waliona tatizo hili mapema: tangu 1974 tume yao ya biashara, FTC, ina kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani.

Hata wati zikiwa za kweli, hazina uzito ambao mnunuzi anazipa. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Spika yenye uwezo wa kutoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, itaishinda kwa mbali ile ya desibeli 84, maana hiyo ya pili inahitaji wati mara nne ili zilingane. Namba hii huandikwa kwenye karatasi ya maelezo, na hakuna anayeisoma dukani.

Tuwatendee haki wauzaji: wanauza kinachotoka. Nyumba nyingi za kwetu zinataka besi, kwa ajili ya bongo fleva, singeli, taarabu na kwaya, na sabufa yenye spika mbili au tatu inatosha kabisa. Anayeangalia zaidi filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia juu ya sauti za waigizaji, hana sababu ya kununua spika tano. Kwa kawaida sauti hizo zimeshachanganywa zikawa za chaneli mbili au hata moja, na spika za nyuma zitarudia tu kilichosemwa mbele. Faida ya spika tano iko kwenye filamu ambazo sauti yake ilitengenezwa kwa chaneli sita, tano za spika na moja ya sabufa, tangu studio, kama zilizoko kwenye diski za Blu-ray na nyingi za Netflix.

Mpangilio huo wa chaneli sita, unaoitwa 5.1, ulienea kwenye majumba ya sinema kupitia Dolby Digital kuanzia mwaka 1992, na filamu yake ya kwanza ilikuwa Batman Returns. DVD ndiyo iliyouingiza majumbani. Hapo ndipo zilipozaliwa seti za boksi moja zenye spika nne ndefu za kusimama, ambazo miaka ya 2000 zilikuwa alama ya sebule ya mtu aliyejipata. Halafu televisheni zikawa nyembamba, saundi baa ikaja, na mtu akapata sauti ya kuridhisha kwa waya mmoja. Viwanda vya spika na vya risiva, yaani amplifaya zinazogawia kila spika chaneli yake, vikaumia. Kampuni ya Onkyo Home Entertainment ya Japani iliomba kufilisika huko Osaka Mei 2022. Mwaka huohuo Masimo, kampuni ya vifaa vya hospitali, ilinunua Denon, Marantz, Polk na Bowers & Wilkins kwa takriban dola bilioni moja. Miaka mitatu baadaye ikaziuza kwa dola milioni 350. Mnunuzi ni Harman, mwenye JBL, ambayo nayo ni mali ya Samsung tangu 2017. Mteja anayepigia hesabu Denon dhidi ya JBL leo anachagua kati ya watoto wa baba mmoja.

Huku kwetu kodi nayo ina sauti. Mzigo unaotozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara juu yake, hutoka bandarini thamani yake ya shilingi 100 ikiwa imefika shilingi 147.50, na hapo bado tozo nyingine, usafiri na faida ya muuzaji. Ndiyo maana risiva na spika zilizotumika, za kutoka Dubai au Uingereza, zina wateja wao wa kudumu. Kwa maoni yangu ni ununuzi mzuri kwa spika, ambazo hazizeeki haraka. Kwa risiva naogopa zaidi: ya zamani inaweza kukosa tundu la HDMI lenye ARC, teknolojia ya kurudisha sauti kutoka kwenye televisheni iliyoanza 2009, na bila hilo sauti ya programu za kwenye televisheni italazimika kupitia waya wa pili.

Sasa sebule yenyewe. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, kuta za tofali, dirisha kubwa, na sofa iliyoegemea ukuta wa nyuma kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka. Mtazamaji amekaa mita 3 kutoka kwenye televisheni. Spika mbili za mbele zinatakiwa ziwe digrii 30 kila upande wa macho yake, maana yake ziachane mita 3 na nusu hivi, ili kichwa chake na spika hizo vifanye pembetatu yenye pande sawa. Lakini watu wengi huzibananisha na televisheni ya inchi 55, ambayo upana wake ni sentimita 122 hivi, na pembe inashuka hadi digrii 12 hivi. Hapo umelipia spika mbili ukapata moja pana. Spika ya kati ikae chini au juu ya televisheni, ikielekezwa masikioni, kwani karibu maneno yote ya waigizaji yanatoka humo. Ukilazimika kubana bajeti, usiibane hapo.

Spika za kuzunguka ndizo zinazoonewa. Zinaitwa za nyuma, basi watu huzitundika kwenye kona za nyuma juu kabisa, karibu na jipsamu, zikiangalia chini kama kamera za ulinzi. Kwa mpangilio wa spika tano, Dolby wanazitaka kwenye digrii 110 hadi 120, yaani ubavuni, zikirudi nyuma kidogo ya masikio. Sofa ikiwa imegusa ukuta, pembe hiyo haipatikani. Dawa ni kuisogeza mbele hata nusu mita, na mama mwenye nyumba akikataa, zifungwe kwenye kuta za pembeni, mkabala na sofa, sentimita 60 hivi juu ya kichwa cha aliyekaa. Kisha ingia kwenye menyu ya risiva uandike umbali wa kila spika uliopima kwa futi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo kila mita moja ni takriban milisekunde 3, na spika iliyo karibu isipocheleweshwa itavuta sikio upande wake filamu nzima.

Sabufa ina tabia yake. Kona huipa nguvu, lakini kwenye nyumba ya tofali nguvu hiyo huwa mvumo unaoganda, kwa sababu ukuta mgumu hauruhusu besi kupita. Upana wa mita 4 huvimbisha masafa ya hezi 43 hivi. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa pande zote mbili huvimbisha sauti ileile. Mafundi wana ujanja mmoja wa bure: weka sabufa juu ya sofa unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa sakafuni ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma ndipo pa kuiweka. Zulia na mapazia mazito hayatatibu besi, ila yatapunguza mwangwi wa vigae unaomeza maneno.

Anayejenga ana nafasi ambayo mpangaji hana. Bomba za plastiki za kupitishia waya wa spika zikitandazwa kabla ya plasta, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuja kuchimba ukuta uliopakwa rangi. Tatizo ni kwamba fundi umeme hupewa ramani ya taa na soketi tu, na duka la spika halimfahamu. Duka litakaloweka namba ya fundi wake kwenye risiti, na kumlipa kwa kila sebule, litauza kitu ambacho jirani yake hawezi kukishusha bei kesho asubuhi. Kwa chumba kile cha mita 4 kwa 5 fundi huyo atahitaji mita 10 hadi 12 za waya kwa kila spika ya pembeni, na wa milimita za mraba 1.5 unatosha.