Ukishaiamuru wijeti, iulize: kuweka na kusoma sifa katika Tkinter



Mimi si mtu wa informatika. Nilisoma agronomia, nikapata lisansi, na Python nilijifunza mwenyewe usiku, wakati umeme unarudi. Naandika kwa sababu wengi wetu siku hizi tunatengeneza programu ndogo ndogo: za kupima mavuno, za stoki ya duka, za michango ya kikundi. Kosa lililonipata linaweza kukupata na weye, na kosa la namna hii linagusa pesa ya watu.

Kwenye kituo cha kuoshea kahawa, wakulima wanaleta kahawa mbivu, tunaipima, halafu tunaimwaga ndani ya maji. Zinazoelea ni mbovu, zinatolewa na kupimwa, na mkulima analipwa kwa kilo zilizobaki. Hesabu ilikuwa ku daftari. Nikatengeneza dirisha kwa Tkinter: kisanduku cha kilo zilizoletwa, kisanduku cha kilo mbovu, na chini lebo ya pesa ya kulipa. Nyumbani ilitembea vizuri. Usiku wa mwisho nikataka visanduku vianze na sifuri, nikaongeza mistari miwili:

kilo.config(text="0")
mbovu.config(text="0")

Hakuna kosa lililoandikwa. Sifuri yenyewe haikuonekana, lakini usingizi ulikuwa umenishika, nikafunga mashini.

Asubuhi mama wa kwanza alileta kilo 42. Nikaandika 42 ku kisanduku cha kwanza. Na cha pili kikajiandika 42 chenyewe! Nikifuta kimoja, kingine kinajifuta. Kilo 42 zimeletwa, 42 mbovu, kulipa: 0. Mama alikuwa anaangalia kioo. Akaniuliza: "Mutoto wangu, kahawa yangu yote munaitupa? Ile yote iko mbaya?" Sikuwa na jibu. Nilirudi ku daftari, nikamlipa kwa kalamu.

Sasa tufahamu kilichotokea.

Wijeti ni kila kitu unachokiona kwenye dirisha: kitufe, lebo, kisanduku cha kuandikia. Kila wijeti iko na sifa zake: rangi, upana, maandishi, hali. Kuweka sifa kuna njia tatu: wakati wa kuumba wijeti, kwa config, ao kwa mabano ya mraba:

lebo = Label(dirisha, text="Kulipa: 0")
lebo.config(text="Kulipa: 500")
lebo["text"] = "Kulipa: 500"

Kusoma sifa kuna njia mbili, na jibu ni moja:

lebo.cget("text")
lebo["text"]

Mpaka hapo ni rahisi. Ukiandika jina la sifa ambayo haiko, kwa mfano lebo.config(txt="5"), programu inakukatalia kwa TclError. Mimi niliamini kwamba itanikatalia kila mara. Njo hapo nilianguka.

Kisanduku cha kuandikia, yaani Entry, hakina sifa inayoitwa text. Lakini Tkinter ni mlango tu wa kuingilia Tk, chombo ambacho John Ousterhout alikianzisha kule Marekani, Chuo Kikuu cha Berkeley, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na Tk inakubali jina la sifa lililokatwa, kama halichanganyiki na lingine. Kwa Entry, text inasomwa kama ufupi wa textvariable: jina la kikapu ambamo kisanduku kinaweka maandishi yake. Mimi nilidhani nasema "andika sifuri". Tk ilisikia "tumia kikapu kinachoitwa 0". Nikasema vile kwa visanduku viwili. Vikawa vinakula ku sahani moja.

Ningeuliza swali moja tu, ningejua:

print(kilo.config("text"))

Ukitaja jina la sifa bila kuipa thamani, config haibadilishi kitu. Inakuletea maelezo ya sifa hiyo: jina lake kamili kwanza, na mwishoni thamani yake ya kawaida, halafu thamani ya sasa. Ningeona neno textvariable mwanzoni, na 0 mwishoni. Na kama hujui wijeti iko na sifa gani, kilo.keys() inakutajia zote.

Dawa yenyewe ni fupi. Maandishi ya ndani ya Entry si sifa. Unayaweka na kuyasoma hivi:

kilo.insert(0, "0")
kilo.get()

Kuna mitego mingine mitatu.

Wa kwanza ni hali. Ukiweka kisanduku cha jumla kuwa state="readonly" ili mtu asikiguse, hata programu yako haiwezi kukiandika. Insert inapita kimya, bila kosa, na jumla ya jana inabaki palepale. Rudisha "normal" kwanza, futa, andika, halafu funga tena.

Wa pili ni aina ya jibu. Get inaleta maandishi, haileti namba. "42" na "18" ukivijumlisha hivyo unapata "4218". Geuza kwa float. Na kwa sababu sisi tunaandika 42,5 kwa mkato, float itakataa. Badilisha mkato kuwa nukta kwanza: kilo.get().replace(",", ".")

Wa tatu ni kuifanya lebo kuwa daftari. Usisome pesa ya mkulima kwa lebo["text"]. Lebo ni ya macho. Weka hesabu ndani ya kigeu cha Python, kisha uionyeshe ku lebo.

Wandugu, programu ikikataa, hiyo ni rafiki, inakuonyesha kosa. Hatari iko kwa ile inayokubali na kunyamaza. Kila mara ukiweka sifa mpya, isome tena palepale kwa print, na uangalie kama ni kile ulichotaka. Na baada ya kubadilisha hata mstari mmoja, jaribu dirisha lote kwa namba za kweli mbele ya kwenda kwa watu.

Ile mistari miwili nilifuta, nikatia insert. Wiki iliyofuata nilirudi ku kituo na programu pamoja na daftari, tukaandika pande zote mbili mpaka hesabu zikalingana. Mama yule alifika tena. Mbele ya kumwaga kahawa yake, aliangalia kioo kwanza.